Mche wa Sabuni wa Mama Elieth

Mama Elieth alikuwa mfagizi katika ofisi ya shirika moja mjini Dodoma. Mwaka 1993 shirika likauzwa, wafanyakazi wakapunguzwa. Alirudi nyumbani Chang'ombe na barua mkononi. Mumewe alikuwa ameshafariki. Basi akaanza kufulia watu nguo; mteja wake mkubwa alikuwa mama mmoja wa mtaa wa Area D. Maduka yalijaa sabuni za kila rangi siku hizo, lakini kuzinunua ndiyo ilikuwa shughuli. Mche mmoja aliubana wiki nzima. Bila sabuni hakuna kufua, na bila kufua hakuna kula.

Tumaini lake lilikuwa binti yake, Elieth, aliyekuwa mwaka wa kwanza chuo cha ufundi. Jumatatu moja Elieth alirudi mapema. Hakusalimia.

"Vipi mwanangu, unaumwa?"

"Nimefeli mama. Somo la michoro. Nimepata kumi na tisa kwa mia."

"Mungu wangu! Sasa?"

"Narudia mtihani baada ya wiki tatu. Nikifeli tena, disko."

Mama Elieth aliijua hiyo disko. Ni kufukuzwa chuo, basi. Meshack wa nyumba ya tatu alidisko mwaka uliopita. Tangu siku hiyo anashinda ndani na mlango umefungwa.

Elieth akafanya alichozoea tangu shule ya msingi. Akakariri. Alikariri michoro yote arobaini ya daftari, mstari kwa mstari, mpaka macho yakamwuma. Mama alimwona anavyokonda, naye moyo ukamwuma.

Siku moja karai la kufulia likaanza kuvuja. Mama Elieth akamwita fundi bati, Mzee Castory. Mzee huyu zamani alikuwa mchoraji wa ramani za majengo, naye akapunguzwa kazi. Sasa anaunda majiko na kuziba ndoo.

"Shikamoo baba," Elieth alisema bila kuinua kichwa.

"Marahaba. Unasoma au unalia?"

Elieth akampa karatasi ya mtihani aliofeli. Mzee akaitazama, kisha akafunua daftari.

"Mbona umbo hili unalo humu, ukurasa wa saba? Wamelilaza tu ubavu."

"Kumbe ni lile lile?" Elieth akaangua kilio. "Wavulana wanasema wasichana hatuna macho ya michoro!"

"Waongo hao! Wenzako tangu wadogo wanafinyanga ng'ombe wa udongo na kuunda magari ya waya. Wewe ulikuwa unabeba maji. Macho hayo hakuna anayezaliwa nayo, yanafunzwa. Mama Elieth, lete sabuni."

"Sabuni yangu? Ya kazi?"

"Hiyo hiyo. Na kisu."

Mama Elieth alisita. Ulikuwa mche wa mwisho. Akautoa. Mzee akakata kipande, akakipunguza upande mmoja, kikawa na umbo la ngazi yenye kidato kimoja. Akakiweka juu ya ndoo.

"Kitazame kwa mbele. Unaona nini?"

"Ngazi."

"Hapana! Hiyo ndiyo unayoijua. Niambie unachokiona. Fumba jicho moja."

Elieth akafumba.

"Naona... mistatili miwili. Mmoja juu ya mwingine."

"Kwa juu je?"

Akasimama, akainama. "Miwili tena!"

"Kwa ubavuni?"

"Ah! Hapa ndipo ilipo ngazi."

"Umeona? Sasa chora sura hizo tatu. Kisha fumba macho, kilaze ubavu kichwani mwako, uchore tena. Ukimaliza, kilaze kwa mkono uone kama umepatia. Ukikosea, usifute haraka. Tafuta ulikosea wapi. Kila siku, maumbo mawili."

Tangu hapo kila alasiri Elieth alikata sabuni. Mama alikuwa akigeuza kipande mbele yake na kukifunika kwa bakuli, naye Elieth anachora jinsi kilivyolala. Siku za kwanza alikosea vibaya, akatupa penseli. Wiki ya pili akaanza kupatia. Wiki ya tatu Mzee Castory akamletea mchoro tu, naye akalikata umbo lake kwenye sabuni bila kuuliza. Mabanzi mama aliyaokota yote, akafulia. Lakini mabanzi hayatoshi kufulia mashuka.

Siku ya mtihani Elieth alikuta umbo asilowahi kuliona. Halikuwemo kwenye daftari. Akafumba macho, mikono ikageuza hewa juu ya meza.

"Wewe, unaomba?" msimamizi akauliza.

"Hapana mwalimu. Nakigeuza."

Majibu yalipotoka, Elieth alipata sitini na mbili. Wenzake wanne walidisko. Aliwaona wakibeba masanduku yao getini, akashindwa kufurahi. Nao walikariri kama yeye, na sabuni hawakukatiwa.

Alimkuta mama uani, karai likiwa na nguo chache tu.

"Nimefaulu mama."

Mama Elieth akakaa chini. Akalia, akacheka, akalia tena.

"Mbona nguo ni zetu tupu? Za yule mama wa Area D ziko wapi?" Elieth akauliza.

"Alishaniachisha, wiki mbili sasa. Kola hazikutakata. Sabuni haikutosha."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungekata tena?"

Elieth alipiga magoti kando ya karai, akachukua shati. Mkononi mwa mama kilibaki kipande kimoja, lile umbo gumu la wiki ya tatu. Kilikuwa kinayeyuka, pembe zimeshakwisha.

"Nikubakizie hiki?" mama akauliza.

"Fulia tu mama," Elieth alisema. "Nakiona chote, hata kwa nyuma."

Jumamosi iliyofuata aliwaita wenzake wawili wa darasani waliokuwa wakisuasua. Sabuni haikuwepo. Walichimba udongo mfinyanzi korongoni, wakaukata kwa waya, wakaanza na lile umbo la ngazi.