Njia ya Maua ya Mzee Cástulo

Mpini wa mfagio ulikuwa na joto. Herlinda aliushika asubuhi ya tarehe tatu Novemba, kwenye stoo ya wafagiaji huko chini stesheni, akahisi kama kuna mtu aliyeuachia sasa hivi. Hakujali. Mtu aliyechoka hana muda wa kuogopa vitu vidogo.

Kwenye jukwaa la treni akasikia mfagio mwingine nyuma yake. Shaa, shaa. Akisimama, nao unasimama. Halafu ile harufu ya tumbaku na kahawa ya mdalasini! Hiyo ilikuwa harufu ya Mzee Cástulo, mfagiaji mwenzake, aliyezikwa Machi.

Alipanda kumnong'oneza Bibi Tomasa, muuza mitishamba mlangoni pa stesheni. Kizee kilimkazia macho.

"Jana, Siku ya Wafu, marehemu walikuwa wageni wetu. Meza ya Cástulo mliiweka wapi?"

"Huko chini, bibi. Picha yake, mkate, kahawa. Na njia ya maua kutoka barabarani, aifuate."

"Ukaifagia lini?"

"Jana mchana. Nilichoka, bibi. Nilitaka niwahi kwa mwanangu, yuko peke yake."

"We mwanamke! Mgeni hajaaga, ushamfutia njia? Atatokaje?"

Bibi Tomasa alimpa kikapu cha maua ya manjano yaliyoanza kunyauka, akawasha ubani. "Yamwage kutoka mezani hadi barabarani. Usigeuke."

Herlinda akamwaga, ngazi baada ya ngazi, abiria wakimpiga vikumbo na kuyakanyaga maua, mgongo ukimuuma, na nyuma yake ule mfagio ukipanda naye, shaa, shaa, karibu zaidi kila hatua, mpaka pumzi ya tumbaku ikamgusa shingo, naye akang'ata midomo asigeuke, akapanda, akapanda, hadi jua likampiga usoni.

Kimya.

"Nenda salama, mzee," alisema Bibi Tomasa. Herlinda alilia kwa kushukuru, kisha akaenda zake nyumbani.

Mwanawe Yaretzi, wa miaka sita, alimfungulia mlango.

"Mama, kiatu chako kina maua."

Herlinda aliinua mguu. Soli ilikuwa imegandwa na maua yaliyopondeka. Alitazama ngazi za nyumba yao alizopanda: ua moja la manjano hapa, jingine pale, hadi mlangoni pake.

Mtoto alikuwa ameshasogea kando, akiangalia nyuma ya mama yake.

"Karibu, babu," alisema. "Pita ndani."