Waliomtafuta Lorna

Vipeperushi vinadai mji wetu huu wa milima ya Colorado ulianzishwa na wapenda kuteleza thelujini. Uongo mtupu. Ulianzishwa na wachimba madini ya fedha walioichukia theluji, maana ilikuwa ikiwazika hai, wakabaki kutafutana kwa fimbo za msonobari. Rafiki yangu Lorna Quist alitumwa adhuhuri kwenda mlimani kusimika bango lenye uongo huo huo, na theluji ikaporomoka ikamfukia.

Kule chini giza lilikuwa totoro. Mikono haikujongea, na pumzi ilikuwa ikimwishia. Kisha akasikia nyayo juu yake, na fimbo ndefu zikichoma theluji: chwa, chwa.

“Choma taratibu, Jory, hulimi viazi!”

“Njoo uchome mwenyewe basi, mdomo tu wewe!”

Lorna alipiga mayowe. Fimbo ikatoboa mkono wa koti lake, ikasimama.

“Nimegusa mtu.”

“Wetu wote tumeshawatoa, ndugu yangu. Twende zetu.”

Nyayo zikafifia.

Waokoaji walipomfukua waliapa kwamba walikuta theluji tambarare, haina hata unyayo mmoja. Fimbo zao ni za alumini. Kwenye tundu la koti la Lorna kulikuwa na kibanzi cha msonobari, bado kibichi, kikinuka utomvu.