Mtu Aliyesimama Ndani ya Chai

Jioni hiyo mama yangu alinituma dukani kununua ugoro. Haukuwa wake. Ulikuwa wa kumfanya mtoto mchanga apige chafya.

Wacha nieleze kabla hujaniita mshenzi. Sisi ni watu wa kanisa, na mimi mwenyewe naimba besi kwaya, ingawa vibaya. Lakini kwetu Wakipsigis mtoto akizaliwa, kina mama humzunguka na kumwitia majina ya wazee wa ukoo waliokufa, mmoja baada ya mwingine. Akipiga chafya, basi aliyetajwa ndiye amerudi. Jina hilo tunaliita kurenet. Hata mchungaji wetu analo, ila ukimuuliza ataanza kuzungumza juu ya mvua.

Mjukuu wangu alikuwa amekataa majina yote.

Chemutai, mke wa mwanangu, alijifungua salama. Lakini tangu walete mtoto nyumbani alikuwa analia tu. Hanyonyi. Halali. Daktari alimpima akasema hana kitu. Mama yangu, ambaye wote humwita Kogo Rodah, yaani Bibi Rodah, alimtazama akasema, "Analilia jina. Tusipolipata, huyu hatutakaa naye." Baba yake, Kipkurui, yuko kazini Qatar. Alikuwa akipiga simu kuuliza kama mtoto amenyonya, na kazi ya kumdanganya nikaachiwa mimi.

Niliporudi na ugoro, ukungu ulikuwa umeshalala juu ya shamba la chai. Ugoro nikaupitisha kwenye mlango wa chumba cha mtoto, maana wanaume hatuingii, nikaketi sebuleni na jirani yangu Makori. Makori ni mtu wa Kisii. Alikuja Kericho akiwa kijana kuchuna majani, akaoa, akajenga, sasa ni wetu.

"Baba Kip," akaninong'oneza, "hebu toa hizo picha za Diani. Huyu mtoto analia mpaka natetemeka."

Mimi nimeendesha lori mpaka Juba na Lubumbashi. Nimelala chini ya trela kwenye mipaka ambayo hata askari wake hawajui iko wapi. Lakini bahari nilikuwa naichungulia tu nikiwa kwenye foleni ya bandari. Mwezi uliotangulia wanaume wa kanisa tulipanda basi tukaenda kuigusa. Nilipiga picha kama mtu aliyetumwa na gazeti. Mnazi. Samaki kwenye sahani. Mnazi uleule. Halafu mimi mwenyewe majini, nimejipiga kwa mkono mmoja, ndani ya kaptura ya kuazima, tumbo likiwa limetangulia.

"Huyu ni wewe ama ni kiboko?"

"Kiboko angejua kuogelea."

Tukacheka bila sauti. Chumbani Kogo aliita jina la ndugu ya babu yangu. Mtoto akazidi kulia.

"Na huyu nyuma yako?" Makori akauliza.

Nikaivuta picha kwa vidole viwili. Mbali kidogo, ndani ya bahari, alisimama mwanamume. Amevaa koti zito la baridi. Na marvin ya sufu kichwani. Diani, saa sita mchana, jua la kukaanga mayai!

Maji yalimfika kiunoni. Koti lilikuwa kavu.

"Labda ni mtalii," nikasema.

Nikapitisha picha. Sisi tunakula hotelini. Nyuma yetu, dirishani, bwawa la kuogelea. Ndani ya bwawa... koti. Marvin. Maji kiunoni.

Nikapitisha nyingine. Feri ya Likoni, nimejishikilia kwenye vyuma nikitabasamu. Nyuma yangu ni katikati ya mkondo, mahali meli kubwa hupita. Hakuna binadamu anayeweza kusimama pale.

Alikuwa amesimama. Maji kiunoni.

"Zima hiyo kitu," Makori akasema.

Nilitaka kuzima. Lakini kidole changu kiliteleza, ikaja picha ya mwisho. Hiyo haikuwa ya Diani. Nilikuwa nimeipiga asubuhi hiyo hapa nyumbani, nikiwa mlangoni, niwatumie wenzangu wa safari na kuwaambia kwamba hata sisi tuna bahari yetu, ila ni ya kijani.

Alikuwa ndani ya chai yangu.

Chai ilimfika kiunoni. Na alikuwa anaiangalia nyumba.

Makori alinishika mkono. "Weldon. Huyu mtu ni nani?"

Mimi nikiogopa huwa natania. Ndivyo nilivyoumbwa, hata kwenye mazishi watu huniketisha mbali. Nikafungua mdomo niseme lolote tu, na jina likatoka lenyewe, kama kitu kilichokuwa kimekwama kooni.

"Huyo? Huyo ni Joab."

Chumbani, mtoto akapiga chafya.

Kilio kikakatika. Kina mama wakapiga vigelegele... kisha vikafa, kimoja kimoja. Mlango ukafunguka. Kogo Rodah alisimama pale, ugoro ungali vidoleni.

"Ni nani amesema hilo jina?"

"Ni mimi, Mama. Nilikuwa natania."

"Joab ni nani kwetu?"

"Hakuna."

Sijawahi kumwona mama yangu akiogopa. Aligeuka, akapiga magoti karibu na mtoto, na mimi nikasahau miiko yote nikasimama mlangoni. Aliita jina la marehemu baba yangu. "Kipyegon! Kipyegon, njoo! Hapa ni kwako!" 

Mtoto alinyamaza.

Akanyamaza zaidi.

Midomo yake ikaanza kubadilika rangi. Kisha akakohoa, na maji yakamtoka puani. Mtoto ambaye hakuwa amemeza hata tone la maziwa. Maji yalilowesha blanketi, na chumba kikajaa harufu niliyoijua. Chumvi. Mwani unaooza. Pale, juu kwenye baridi ya Kericho, harufu ya bahari.

"Mama, muache!" Chemutai akapiga kelele. Alimnyakua mtoto akambana kifuani. "Joab! Joab, mwanangu! Nimekuita, Joab, vuta pumzi!"

Akavuta.

Akatafuta titi, akanyonya kama mtu aliyetoka safari ndefu. Kogo akajifuta vidole kwenye leso. "Basi," akasema. "Ameshaingia. Msimwite jina lingine tena."

Niliporudi kwenye simu, picha ilikuwa ya chai tu. Lakini mashina yalikuwa yameachana kidogo, kama mtu amepita kati yake akija mlangoni.

Baadaye nilimpigia kijana aliyetupeleka kwa mashua kule Diani. Nikamweleza juu ya koti na marvin. Akasema, "Mzee, watu wa bara huzama hapa. Wengine hata majina hatuyajui. Tunawazika tu." Nimelifikiria sana jambo hilo. Mtu wa baridi, amezikwa kwenye joto, hana ndugu wa kumlilia. Mimi ningekuwa yeye, ningetafuta dereva mpumbavu anayerudi bara nirudi naye.

Joab sasa ametimiza mwaka. Ni mnene, anacheka, ana meno mazuri. Namhofia na nampenda, vyote kwa pamoja. Juzi jioni Chemutai alikuwa amemsimamisha mlangoni, sisi na Makori tukinywa chai uani, mtoto akasema neno lake la kwanza. Alilisema wazi, akinyoosha mikono kule jua linakotua, kwenye vilima vya Kisii.

"Inka."

Kikombe cha Makori kikagonga sahani.

"Amesema nini?" Chemutai akauliza. Uso wake uling'aa. "Makori, hiyo si lugha yenu?"

Makori alinitazama. Akamtazama yule mama aliyemrudisha mtoto kutoka kifoni.

"Ni... maziwa," akasema. "Anataka maziwa."

Tulipofika kwenye geti lake aliniambia ukweli. Inka ni nyumbani. Na ameapa hajawahi kuongea Kikisii mbele ya mtoto huyo. 

Hatujamwambia Chemutai. Kila jioni namsikia akipoza maziwa kikombeni na kuuliza kwa furaha, "Inka, Joab? Unataka inka? Haya, nitakupa!"

Na mtoto anaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu mzima aliyeahidiwa.