Onyo la Rangi ya Tope

Biasha alikuwa amelala chali juu ya kitanda cha chumba cha sindano, amefunikwa khanga yake mwenyewe. Mguu wa kulia ulikuwa umetokeza nje. Unyayoni palikuwa na kidonda kibichi, kidonda cha kukanyaga chaza kwenye shamba la mwani. Kidonda hicho ndicho kilichomleta zahanati. Lakini sicho kilichomuua.

Inspekta Safia Mbaraka aliifunua khanga, akautazama uso. Midomo na kope vilikuwa vimevimba. Akaufunika tena taratibu.

"Nani alimchoma sindano?"

"Muuguzi Aziza," alijibu Tabibu Mansuri, mwenye zahanati ile ndogo ya Kanga. "Penisilini. Hata hajafika mlangoni, akaanza kukohoa na kuvimba. Tulimpa dawa ya kumwokoa. Haikufaa kitu."

"Alikuwa na mzio wa penisilini?"

Mansuri alitazama chini. "Jalada lake linasema hivyo."

"Na muuguzi hakulisoma?"

Aziza alikuwa amekaa sakafuni kwenye korido, mgongo ukutani, mtandio umemwangukia mabegani.

"Nililifungua kwenye kishikwambi, afande," alisema. "Kikaja kidirisha cha kijani, kama kile cha kukaribisha mgonjwa. Kina kitufe kimoja tu, 'Endelea'. Nikabonyeza. Onyo huwa ni kidirisha kikubwa, kina alama ya mshangao, na kitufe cha 'Simamisha'. Sikuliona onyo! Wallahi sikuliona."

Kishikwambi chake kilikuwa bado mezani. Safia alikichukua, akamwambia Mansuri afungue jalada la Biasha mbele ya wote. Kidirisha kikachomoza papo hapo katikati ya kioo, kikubwa, chenye alama ya mshangao. MZIO: PENISILINI. Chini yake vitufe viwili, 'Simamisha' na 'Endelea'.

Aziza alijiinua, akakitazama kile kioo kwa mbali kupitia machozi, kisha akarudi chini kama gunia.

Othmani, mume wa marehemu, alikuwa amesimama mlangoni. "Mke wangu aliwaambia tangu zamani kwamba sindano hiyo haipatani naye," alisema. "Wakaandika. Sasa wameandika ili iweje?"



Koplo Jumanne alikifunga kishikwambi kwenye mfuko wa vielelezo. Mwili ukapelekwa Kilindoni kwa uchunguzi, na Aziza akapakiwa kwenye gari la polisi.

Daktari aliyeufanyia mwili uchunguzi hakuchelewa: mshtuko wa mzio. Mkuu wa Safia naye hakuchelewa. Alimpigia simu na kumwambia amwandikie yule binti mashtaka ya uzembe uliosababisha kifo, biashara iishe.

"Anasema hakuona onyo, afande."

"Wewe umeliona?"

"Nimeliona."

"Basi na yeye aliliona. Andika."

Safia alikata simu, akakibwaga kitambulisho chake mezani. Kitu kilikuwa kinamkera na hakujua ni nini. Mwongo hupanga uongo wake. Huyu alikuwa ametoa uongo ambao mtoto mdogo angeuangusha kwa kubonyeza mara moja. Alichukua mfuko wa kielelezo, akaenda mahabusu ya wanawake.

"Aziza, mwanangu, nisaidie nikusaidie. Onyo tumeliona sote."

"Nimesikia."

"Kidirisha kikubwa, cha rangi ya tope, kina..."

Aziza aliinua kichwa. "Rangi gani?"

"Ya tope. Kahawia, ina ujani ndani yake."

"Onyo ni jekundu, afande. Jekundu la damu. Tangu tuletewe vishikwambi havijawahi kuwa na onyo la rangi ya tope."

Safia alikiwasha kishikwambi ndani ya mfuko wake, akakigeuza. Aziza alisogea mpaka kwenye nondo, akakitazama kwa makini.

"Hicho si chetu," alisema. "Yaani ndicho, lakini... Si hivyo. Kuna mtu amekigusa."

"Una ugomvi na mtu pale kazini?"

"Sina. Nilivutana kidogo na Maliki wa maabara kuhusu vipimo vyake vya mkojo. Anakosea kosea. Nilimwambia awe mwangalifu, basi."

Aliyetengeneza ile programu ya zahanati alikuwa kijana aitwaye Taufiki, anaishi Dar es Salaam. Kumpata ilikuwa adhabu. Mara simu haipatikani, mara anasikika kama yumo ndani ya mtungi, mara mtandao unakatika katikati ya neno. Safia alitoka nje, akazunguka kituo, akaishia kusimama juu ya benchi karibu na ukuta, mkono mmoja umeshika dirisha.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Nisikilize kabla haijakatika. Rangi ya onyo inaweza kubadilishwa?"

"Ndiyo, afande. Kila mtumiaji ana sehemu yake ya mwonekano. Anachagua rangi ya kidirisha, pembe ziwe za mviringo au kali, ukubwa wa maandishi, vitufe vikae wapi. Tabibu mwenyewe aliomba, ili wafanyakazi waipende kazi yao."

"Mpaka onyo la kifo?"

Simu ilikwaruza.

"Taufiki!"

"Nipo. Ndiyo, mpaka onyo. Mtu anaweza kulivalisha sura ya kidirisha cha kawaida kwa kubonyeza mara moja. Halafu linapoteza ile alama, maandishi yanakuwa madogo, na 'Simamisha' inaondoka."

"Na kulirudisha?"

"Hapo inabidi arudishe kitu kimoja kimoja kwa mkono. Kitufe cha kurudisha sura ya mwanzo sikukiweka."

"Nani alibadilisha? Mfumo wako unasemaje?"

"Mfumo unaandika nani amefungua jalada la mgonjwa, afande. Hauandiki nani amebadilisha rangi. Sikudhani kwamba..."

Simu ikakatika. Safia alibaki juu ya benchi akiitazama, akatamani kuitupa kule kwenye michikichi. Dunia nzima ya alama za vidole, nyayo na damu alikuwa anaimudu. Hapa silaha ilikuwa ni sura ya kitu, na sura haiachi unyayo.

Lakini mtu huyu alikuwa ameacha. Safia alishuka benchi polepole. Mtu alilivua onyo sura yake kabla Biasha hajaja. Kisha, watu walipokuwa wakihangaika na maiti, akalivalisha tena haraka haraka kabla polisi hawajafika. Ukubwa aliurudisha. Alama aliirudisha. Vitufe alivirudisha mahali pake. Rangi ndiyo alikosea, tena akakosea kosa la ajabu. Nani anatafuta wekundu wa damu, akaridhika na rangi ya tope?

"Jumanne," aliita. "Washa gari. Tunarudi Kanga."

Njiani mkuu wake alipiga simu mara mbili, akaiacha iite.

Zahanati ilikuwa imefungwa kwa wagonjwa. Aliwakuta Mansuri, Shani wa mapokezi na Maliki wa maabara, kijana mrefu, mpole, aliyevaa koti safi lililopigwa pasi. Wote watatu walikuwa wakijua namba ya siri ya vishikwambi vyote. Ilikuwa ni moja.

"Moja kwa wote?" Safia alimgeukia Mansuri.

"Ili tusisumbuane, Inspekta. Tuko wachache."

Safia aliuma meno. Akamtaka Shani kishikwambi cha mapokezi, akafungua ile sehemu ya mwonekano. Zikaja rangi, vijumba vidogo vidogo vimepangwa safu kwa safu.

"Ninataka mnisaidie jambo moja. Onyo la mzio, kabla halijaguswa na mtu, lilikuwa rangi gani? Msiniambie. Mnionyeshe, mmoja mmoja, chumbani."

Shani aliingia kwanza, akagusa kijumba chekundu bila kusita. Mansuri akagusa kile kile; ile ya tope, alisema, alidhani Aziza alijichagulia mwenyewe.

Maliki aliingia, akakipokea kishikwambi. Akakiinamisha, akakisogeza dirishani penye mwanga. Kidole kilitembea juu ya vijumba bila kutua.

"Shida nini?"

"Hamna shida. Zinafanana fanana."

"Chagua tu."

Alichagua. Safia aliangalia mahali kidole kilipotua, kisha akautoa mfuko wa kielelezo na kukiweka kishikwambi cha Aziza kando ya kile kingine. Rangi ya tope na rangi ya tope.

"Hiyo ni rangi gani, Maliki?"

"Nyekundu."

Alisema kwa sauti ya mtu anayejibu swali la mtihani. Jumanne, aliyekuwa mlangoni, alikohoa. Maliki alimtazama, akamtazama Safia, akavitazama vile vioo viwili. Jasho lilianza kumtoka juu ya mdomo.

"Si nyekundu?" aliuliza taratibu.

"Kaa, kaka yangu."

Alikaa.

"Huzioni rangi."

"Naziona. Nyingine naziona."

"Nyekundu na kahawia?"

"Kwangu ni ndugu."

"Na vijiti vya kupimia mkojo? Si husomwa kwa rangi?"

Maliki alijifunika uso kwa viganja. Safia hakumharakisha. Hasira ilikuwa imemjaa kifuani, na alijua akiifungua itasema yenyewe.

"Chuoni nilimtegemea mwenzangu," Maliki alianza. "Huku nakisia. Kijiti kikikoza naandika kitu, kisipokoza naandika safi. Nyumbani wananitegemea, kijiji kizima kinaniita daktari. Nikasema siku moja nitajifunza namna. Halafu akaja mjamzito mmoja, nikaandika mkojo wake safi. Aziza akakiona kijiti kwenye ndoo. Akanikaripia. Akasema nikikosea tena atamwambia tabibu anipime mwenyewe."

"Ukaona umalizane naye."

"Hapana! Si hivyo. Nilitaka akosee yeye. Kosa moja tu. Ampe mtu dawa isiyofaa, awashwe ngozi, aandikiwe onyo. Neno lake lingekuwa halina uzito tena, hata akinisema. Alipokwenda kuswali adhuhuri nikakifungua kishikwambi chake, nikalivalisha onyo sura ya kidirisha cha kukaribisha. Kubonyeza mara moja, afande. Mara moja tu."

"Hukujua mzio unaua? Mtu wa maabara?"

"Nilijua." Alishusha viganja. "Nilijiambia haitakuwa hivyo. Nilipomwona Biasha anaingia na mguu wake, nikataka kusema. Nikaenda kunawa mikono. Niliporudi alikuwa anakohoa."

"Ukakimbilia kishikwambi."

"Wenzangu walikuwa juu yake, wanambonyeza kifua. Nikarudisha kila kitu. Nilidhani nimerudisha kila kitu."

"Ungesema tu, Maliki. Ungemwambia tabibu: rangi sizioni. Angekutafutia kazi ya dirisha la dawa, ya kupima uzito wa watoto, ya chochote."

"Wangenicheka," alisema Maliki. "Wangeniita kipofu mwenye koti."

Jumanne alimfunga pingu. Safia alitoka nje, akasimama nyuma ya gari, akalipiga gurudumu lake teke mpaka kidole kikamuuma.

Aziza aliachiwa kesho yake. Mkuu alisema kazi nzuri, na Safia akaitika kwa kichwa tu. Alimrudisha binti Kanga yeye mwenyewe. Walipoingia kijijini, Aziza aliomba ateremshwe kwenye nyumba ya matanga.

"Una hakika?"

"Nina hakika, afande."

Othmani alikuwa kwenye baraza na wazee, kofia mkononi. Habari za Maliki zilikwisha kumfikia. Alimtazama Aziza tangu anashuka garini hadi aliposimama mbele yake, mikono imekumbatia mtandio.

"Ulimuuliza?" alisema. "Kwa mdomo wako. Mashine tuiweke kando. Ulimuuliza mke wangu kama sindano ile inapatana naye?"

"Sikumuuliza, Kaka Othmani. Foleni ilikuwa ndefu. Nilikiamini kioo."

Safia, ambaye alikuwa na mkono kwenye mlango wa gari, alijiandaa kuingilia kati.

Othmani aliikunja kofia yake, akaikunjua. Machozi yalimshuka mpaka ndevuni, hakuyafuta.

"Ingia," alisema mwishowe, akasogeza miguu yake kumpisha. "Wanawake wako uani."