Kiu ya Mashamba ya Chumvi

Jua lilikuwa linazama mume wangu alipoikumbuka mbao. Alikuwa amelala chali, homa imemkamata tangu asubuhi, akashtuka kama aliyechomwa sindano.

"Mgeni," aliniita. Hilo ndilo jina alilonipa siku aliyonioa, kwa kuwa nimezaliwa mbali na bahari. "Sikushusha mbao ya mlango wa maji. Bahari ikijaa itaingia kwenye mashamba, chumvi yote iyeyuke."

"Lala. Nitakwenda mimi."

Mama mkwe, aliyekuwa anamkanda kwa kitambaa cha maji, aligeuka. "Ukifika huko, lile neno usiliseme."

"Nimesikia, mama."

Nilisikia, ila kuelewa ni kitu kingine. Kwenye mashamba ya chumvi hakuna anayetamka neno "karibu". Mtu akija na reki yake huambiwa "pita". Wakati wa chakula watu huambiana "sogea tule". Siku yangu ya kwanza kazini nilimkaribisha msimamizi kwa tabasamu zuri la bibi harusi, na wanawake wote wakaacha kukwangua chumvi, wakanitazama kana kwamba nimetukana. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Watu wazima na akili zao!

Sicheki tena.

Nilipita juu ya matuta na tochi yangu, viatu vya mpira vikisaga chembe za chumvi. Kushoto na kulia maji yaliyofungiwa yalikuwa yametulia, mazito kama mafuta. Mlangoni nilikuta bahari imeshaanza kuingia. Chururu... chururu... Nikaishika mbao kwa mikono miwili, nikaisukuma chini. Iligoma. Nikaikalia kwa uzito wangu wote, na mume wangu husema si haba. Ikashuka.

Maji yakanyamaza.

Ndipo harufu ikanifikia. Si ile ya bahari niliyoizoea. Ilikuwa harufu ya kitu kilichokauka siku nyingi, kisha kikamwagiwa maji.

"Mgeni..."

Sauti ya mume wangu. Ilitoka upande wa pili wa mashamba, kwenye giza lililokuwa linaanza, na mkwaruzo uleule wa homa. Hasira zikanipanda. Mtu hawezi hata kushika kikombe, anatoka kunifuata!

"Nani kakuruhusu utoke?" nilifoka.

"Mgeni... uko mbali?"

"Mbali wapi? Niko hapa karibu!"

Lilishanitoka. Nilimaanisha siko mbali naye, basi. Lakini neno ni hilohilo, na kilichouliza kililichukua kwa maana iliyokifaa.

Kitu kikatoka majini.

Sikukiona. Nilikisikia tu... chap... chap... kikipanda tuta. Nikamulika tochi. Juu ya chumvi nyeupe kulikuwa na nyayo zilizolowa, zikija upande wangu, na kila unyayo ulikauka mara tu wa mbele yake ulipotokea.

Nilikimbia. Kiatu changu kimoja kiko huko mpaka leo.

Mume wangu alikuwa palepale kitandani. Hakuwa ameinuka. Mama mkwe aliutazama mguu wangu mtupu, akafunga mlango, akatia komeo.

"Umelisema," alisema.

"Mama, mimi nilimaanisha..."

"Najua ulichomaanisha. Chenyewe hakijui."

"Ni nini, mama?"

Akashusha sauti. "Tunayafungia maji ya bahari, tunayakausha, tunachukua chumvi. Mimi na wewe tunaona yameisha. Kinachobaki kina kiu. Zaidi ya hapo hata mimi sijui."

"Hodi," ikasema sauti ya mume wangu, nje ya mlango.

Mama mkwe aliniziba mdomo kwa kiganja. Hatukujibu. Kitandani, mgonjwa wetu alianza kulamba midomo yake.

Tangu siku ile kinakuja kila jua likizama. Kinabisha kwa upole, wala hakisukumi. Daktari alimtundikia mume wangu dripu. Iliisha upesi kama imemwagwa mchangani, na asubuhi nilipokung'uta shuka, chumvi ilidondoka sakafuni. Nilimfuata msimamizi, nikamwomba afungulie yale maji yarudi baharini. Akasema, "Pole sana, shemeji, lakini chumvi ya watu inasubiriwa." Nilirudi kwenye mlango wa maji peke yangu mchana, nikapiga magoti, nikaomba nichukuliwe mimi. Maji yalitulia tu.

Mume wangu sasa namgeuza kwa mkono mmoja, na hasemi tena. Naona aibu kulisema hili: jioni zikifika, naisubiri ile sauti. Ni yake. Sasa haina mkwaruzo, ina afya, inanitania kama zamani.

"Mgeni," iliniambia jana, "na huo mlango umeukalia kwa uzito wako wote?"

Nilicheka huku nalia, na mama mkwe akanibana mdomo zaidi.

Leo imekuja mapema. Mama mkwe ameniziba mdomo, nami nimemziba wake. Hatuna kinga nyingine.

"Uko mbali?" imeuliza.

Hatukujibu. Tulikuwa tumezibana sisi kwa sisi, tukamsahau wa tatu. Siku zote hizi hajatamka neno, nani angemfikiria?

Mume wangu akafumbua macho. Yeye aliyezaliwa kwenye mashamba haya, yeye aliyenifundisha kusema pita, kusema sogea, aliitazama dari, akatafuta mate ya kumeza, akayakosa.

"Karibu," alinong'ona.

Sijui alikuwa anasema aliko, au alikuwa anakikaribisha. Nimemwita, haniitikii. Komeo limeanza kudondosha maji.