Ngabu Aliitikia Wimbo Wangu

Nina miaka arobaini na mitano, ninauza unga wa muhogo hapa Bunia, na mume wangu sijamlilia hata leo. Msidhani nina moyo wa jiwe. Machozi yalikataa tu... Nimesoma mikasa yenu humu kwa muda mrefu, nikaona na mimi nitoe wangu.

Kwetu Ituri, mashariki ya Kongo, kuna wimbo wa mapenzi ambao kila kabila linasema ni wake. Wahema wanauimba, Walendu wanauimba, Wabira wanauimba, na Waalur wanaapa kwamba wao ndio walioupandisha kutoka ziwani pamoja na samaki! Kila mtu anauimba kwa lugha yake, lakini maneno ni yale yale. Mwanamke anauliza: "Wewe wa mlima ule, moto wako bado unawaka?" Mwanamume anajibu: "Unawaka, njoo uchukue kaa." Basi. Zamani moto ukizimika jikoni ulikwenda kuomba kaa kwa jirani, na wasichana wengi walipata waume kwa njia hiyo.

Ila wimbo huu una sharti lake. Mwanamke akikuimbia mbele ya watu, lazima uitikie. Ukinyamaza umemkataa hadharani, na wenzake watamcheka mpaka azeeke.

Mume wangu Ngabu hakuwahi kuninyamazia. Alikuwa fundi wa kuezeka mabati. Mimi Muhema wa Bogoro, yeye Mulendu wa Djugu, na nyumbani tulisemezana Kiswahili. Nilikuwa nikipita na beseni kichwani namchokoza kwa ule wimbo, naye anaitikia kutoka juu ya paa huku misumari iko mdomoni! Siku moja nilimwimbia akiwa anaoga... akaitikia, povu likamwingia mdomoni. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Nani angejua?

Vita vya Wahema na Walendu vikaja. Mji ukawa unabadilisha wenyewe, leo hawa, kesho wale, na kila walioingia walitafuta watu wa upande mwingine nyumba kwa nyumba. Siku watu wa upande wangu waliposhika Bunia, Ngabu alikuja jikoni akaniwekea mkono tumboni, maana nilikuwa na mimba yetu ya kwanza.

"Ninaenda kujificha," aliniambia. "Weye usijue fasi niko. Kama haujui, hata wakikupiga hautasema."

Akatoka kwa mlango wa nyuma. Nikaufunga nyuma yake.

Nikabaki na kaka yangu mkubwa, Dezire. Baba alipokufa, yeye ndiye aliyenilea, na yeye ndiye aliyepokea mbuzi wa mahari kwa mikono yake. Yaya, kama tunavyomwita mkubwa kwetu, ndivyo nilivyomwita. Kama kuna mtu niliyemwamini duniani baada ya Ngabu, ni yeye!

Mchana mmoja akaja anatabasamu. Alisema amepata kamio, lori la mizigo, ya kwenda Komanda, dereva ni rafiki yake, Ngabu atalala chini ya magunia mpaka avuke vizuizi vyote. Kilichobaki ni kumpata mwenyewe. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui alipo.

"Haiko mbali," alisema. "Mwanaume hawezi kuacha bibi yake na mimba akaenda mbali. Enda ku robine, imba ile wimbo yenu. Akisikia sauti yako atajua hakuna tena bwoga."

Je, ningekataa? Ndugu yangu wa tumbo moja!

Nikaenda bombani, yaya akinifuata nyuma. Wanawake walikuwa wamejipanga na mabido yao ya maji. Nikaimba. Kimya... Mwanamke mmoja akaguna, mwingine akamnong'oneza mwenzake kwa sauti iliyofika mbali: "Bwana yake anamukataa." Nikaona aibu, nikaimba tena kwa nguvu zaidi.

Hapo jibu likaja. Lilitoka kwenye banda la Mama Zaina, mjane jirani yetu aliyeuza makaa. "Unawaka, njoo uchukue kaa." Ni yeye! Jamani, nilifurahi. Nawaambia ukweli, kwa muda mfupi nilifurahi kuliko siku ya arusi yangu.

Nikageuka kumtafuta yaya. Hakuwa ananitazama. Alikuwa amenyoosha kidole kwenye lile banda, na watu wenye bunduki walikuwa wanatoka nyuma ya nyumba.

Walimtoa Ngabu akiwa amejaa vumbi la makaa. Alinitazama. Mimi sikupiga kelele, sikukimbia, sikuanguka. Nilijaza bido langu, nikafunga kifuniko, nikajitwisha. Risasi nilizisikia nikiwa njiani. Nilipofika nyumbani nikatwanga sombe, yale majani ya muhogo, nikaipika, nikala.

Mama Zaina walimpiga sana, lakini Mungu alimbakisha. Yeye na majirani zake ndio waliomzika Ngabu. Dezire aliniambia baadaye kwamba watu walikuwa wakimwita shemeji wa maadui. "Wangeniua miye," alisema. Nikamjibu, "Ndiyo, yaya."  

Mwaka huu binti yetu Neema ameolewa. Anajua kwamba baba yake alifia njiani kuelekea Komanda, maana ndivyo mjomba wake alivyomwambia tangu utoto, nami nikanyamaza. Siku ya arusi aliimba ule wimbo, na bwana arusi akaitikia kutoka nje ya ua. Vigelegele! Dezire alikuwa amekaa karibu nami na suti yake, anapiga makofi kuliko watu wote. Nami nilipiga makofi. Mikono ilikuwa inakwenda yenyewe.

Wasomaji wenzangu, nawasihi! Sauti ambayo mpenzi wako anaiamini usimwazime mtu, hata awe wa damu yako, hata akuletee habari njema kiasi gani. Anayekuomba umwite mpenzi wako, muulize kwanza yeye mwenyewe anaogopa nini. Mimi sikuuliza.

Ngabu alisikia wimbo wa kwanza akanyamaza. Alijua pa kujificha, alijua pia hatari. Angenyamaza na mara ya pili, labda leo angekuwa anamwozesha binti yake. Lakini aliwasikia wale wanawake wakinicheka.

Hakutaka nibaki peke yangu na aibu yangu mbele ya watu. Ndiyo maana aliitikia.