Mgeni wa Chumba cha Mwisho

Jambo moja Muli hakupata kulitegua maisha yake yote: jina alilolitunga mwenyewe Jumatatu asubuhi lilifikaje ndani ya kanda za akiba za kompyuta alizozifungia kabatini wiki iliyotangulia?

Mwaka ule wa 1998 alikuwa ametoka Kitui kuja kulinda kompyuta za hoteli moja ya Diani. Wenzake walimwita askari asiye na rungu. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba mfumo ukianguka unasimama tena, na ili kuujaribu alimwandikisha mgeni wa uongo, Bwana Shutu, chumba cha mwisho upande wa msitu. Akasahau kumfuta. Muhsina, mtandika vitanda, akaambiwa chumba kina mgeni. Akatandika shuka safi, akatia asumini juu ya mto, akasema karibu, kama ilivyokuwa desturi yake.

Kesho yake alimjia Muli kwa sauti ya chini.

"Kaka Muli, umenikaribishia nani? Kitanda kimelaliwa. Mto wanukia udi."

"Hakuna mtu, dada. Lilikuwa jaribio tu."

"Nyie wa bara mwajaribu kila kitu. Kwetu asiyebisha hodi hakaribishwi. Ukimwita asiyekuwapo, kuna atakayeitika."

Muli akacheka, akalifuta jina. Adhuhuri likarudi. Akaurudisha mfumo kutoka kanda ya juzi, jina limo. Kanda ya wiki iliyopita, limo. Alikuwa amefundishwa kwamba mfumo imara ni ule unaoinuka baada ya kuanguka, lakini hakufundishwa kuuliza umesimama juu ya ardhi ya nani, wala afanye nini iwapo kinachoinuka nao kila mara ni kile kile alichotaka kukizika, na harufu ya udi ikizidi kujaa chumba cha mashine ambacho hakikuwa na dirisha.

Ijumaa Muhsina aliacha kula. Kila jua lilipofika utosini alijibu salamu kwa sauti nzito ya kiume, na mwili wake ukawa unakauka kama muhogo uliosahauliwa juani. Nduguze wakamleta Bi Kadzo, mganga wa Kinondo.

"Shikamoo, bibi," Muli alisema.

"Marahaba. Mwenyeji wa huyo mgeni ndiwe wewe?"

Muli alitazama chini. "Ni mimi."

Bi Kadzo akafukiza ubani, akauliza mgeni ataka nini. Midomo ya Muhsina ikafunguka.

"Nimekaribishwa kwa jina, nikatandikiwa. Mgeni hafutwi, baba. Mgeni husindikizwa."

"Hadi wapi?" Muli aliuliza.

"Hadi niseme panatosha."

Meneja alitaka chumba kipigwe misumari. Bi Kadzo akatikisa kichwa. "Ukimfungia, atahamia kwa huyu binti moja kwa moja." Nduguze Muhsina wakamtazama Muli, wala hawakumlaumu.

Ikaamuliwa, basi, kwamba mgeni asindikizwe, na kwamba mwenyeji asigeuke nyuma wala asirudi kabla ya kuagwa. Muli ndiye aliyemsindikiza. Alipovuka lango la hoteli Muhsina alifumbua macho akaomba uji. Muli alishika njia ya kusini kwa miguu, akapita Kinondo, akapita Msambweni, udi ukimfuata begani hatua kwa hatua, na hakuna aliyesema panatosha.